Makaa Yangu Yasiyo na Moshi

Alhamisi, 15 Januari

Nimenunua daftari. Mtu aliyefanya kazi ya reli miaka thelathini na moja lazima aandike mambo yake, hata kama mwandiko unapanda mlima. Nilifika darasa la tatu. Lilinitosha. Treni haikuwahi kuniuliza cheti.

Leo Lorna amepiga simu. Ni binti yangu, ameolewa Wundanyi, na tangu Novemba anakaa na mamake. Phanice, mke wangu. Kifua. Daktari wa Voi alisema ni moshi wa jikoni, na akirudi kwenye moshi atarudi hospitali. Lorna anasema mama amechoka na baridi ya mlimani, anataka kwake, lakini harudi mpaka moshi uishe. Akasema ataniletea mtungi wa gesi. Nikakataa! Mtungi ni bomu. Siwezi kulala nyumba moja na bomu.

Nikamwambia aache wasiwasi, natengeneza makaa yangu mwenyewe. Yasiyo na moshi. Mengi! Akauliza, tangu lini, baba? Nikasema tangu zamani, sikuwa nimetangaza tu.

Jumatatu wanakuja kuona. Sijatengeneza hata moja.

Ijumaa, 16 Januari

Huku kando ya ranchi sisi ni wafugaji. Mimi nilizaliwa Bungoma, lakini nilipostaafu nikanunua mbuzi, na sasa ni mfugaji kuwashinda waliozaliwa zizini. Makaa ya miti tulichoma wote. Mimi zaidi. Ule mgunga mkubwa wa kisimani, ndama walipumzika chini yake saa sita na mbuzi wakaokota maganda yake. Niliuangusha mimi. Magunia kumi na moja! Mwaka jana baraza likaamua: kukata miti basi. Wote wakanigeukia. Mimi nikaangalia mlima wa Sagalla.

Sasa Mama Milka na wanawake wa kikundi chake wanafinyanga makaa. Mavi ya ng'ombe, vumbi la makaa ya zamani, na uji wa muhogo wa kushikanisha. Wanaanika kwenye vichanja nyuma ya zizi lake. Leo aliniita nijifunze. Nilikaa mpaka alipofika kwenye mavi, nikaondoka. Nimekanyaga mavi ya ng'ombe kabla yeye hajazaliwa. Atanifundisha nini?

Nikafinyanga yangu. Mavi nilitia kidogo, harufu yake si nzuri. Unga wa mahindi nikatia paketi nzima, ili yashike. Yakashika! Mviringo safi, arobaini. Nikayaanika nikaenda kuoga.

Kurudi, mbuzi wameyala. Yote! Beberu alikuwa analamba sinia.

Jumapili, 18 Januari

Jirani yangu Makau ni mkulima. Alinishinda uenyekiti wa kisima kwa kura tatu na mpaka leo akinisalimu anasimama kama mwenyekiti. Jana nilichungulia juu ya ua wake. Nikaona nini? Matofali! Matofali madogo ya samadi, yamekauka, kona zake zimenyooka, yamepangwa chini ya seng'enge kuzunguka mahindi yote. Nikajua mara moja. Huyu mtu anatengeneza makaa kwa siri anitangulie.

Leo asubuhi nikatuma habari kanisani kwamba mgongo unauma. Walipoanza kuimba nikaingia kwa Makau na gunia. Nimechukua ishirini na manne. Upande wote wa kusini. Nilipiga chafya njia nzima, vumbi lake ni kali. Lakini makaa mazuri! Mazito! Kusema kweli huyu Makau ana mkono.

Sikuiba. Yamekuja kuonekana tu, yatarudi kama majivu.

Jumatatu, 19 Januari

Sitaki kuandika. Naandika.

Saa nne Lorna akafika na mamake. Phanice amevaa kile kitenge cha kijani. Amekonda. Akashika ukuta wa jikoni kama mtu anayemsalimu mtu. Mama Milka naye akaja, amesikia Mzee Nashon ana makaa. Nikawaketisha wote ndani. Nikahutubia. Nikasema Voi nzima itakuja kujifunza kwangu. Nikapanga matofali manne jikoni, nikawasha, nikafunga mlango ili waone vizuri kwamba hakuna moshi.

Moshi ukatoka. Kidogo tu, mwembamba. Halafu macho yangu yakawaka. Halafu koo. Mama Milka akapiga kelele ati ni pilipili, mzee umeweka pilipili! Nikasema sijaweka kitu. Hapo nikakohoa mpaka kofia ikaanguka motoni. Mlango nikautafuta, sikuuona, mimi niliyeujenga! Lorna ndiye aliyeupiga teke. Akambeba mamake nje kama mtoto.

Phanice alikohoa chini ya mti mpaka midomo ikabadilika rangi. Lorna akampulizia dawa ya kifua, mara moja, mara mbili. Pumzi ikarudi polepole. Mimi nilisimama na kikombe cha maji, machozi yananitoka, sijui ya pilipili au ya nini.

Na hapo ndipo Makau akafika. Akasema amefuata harufu, maana harufu hii ni yake. Akaeleza mbele ya wote, polepole, kimwenyekiti. Ati yale matofali ni ya ndovu. Mavi na pilipili kali. Jioni unayawasha pembeni ya shamba, ndovu wakinusa wanageuka. Jana jioni upande wa kusini hakukuwa na hata moja la kuwasha. Ndovu watatu wameingia. Nusu ya mahindi hakuna.

Akasema kwanza alidhani ni nyani amechukua. Halafu akaona nyayo. Nyani huyu, akasema, anavaa akala za tairi, na ya kushoto imeshonwa kwa waya.

Wote wakaangalia mguu wangu wa kushoto. Hata mimi nikauangalia.

Phanice akainua kichwa. Akasema, Nashon. Hivyo tu. Miaka arobaini na mbili ananiita Baba Lorna. Wakaondoka. Jina langu limebaki hapa uani.

Jumanne, 20 Januari

Nimeshinda ndani. Mbuzi wamenililia nje, sijawafungulia mpaka saa tano. Nimekunywa maji, chai ingehitaji moto.

Jumatano, 21 Januari

Nimeenda kwa Makau kumwomba msamaha. Nilipofika nikamwambia seng'enge yake ililegea, ndiyo maana ndovu waliingia. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Akanitazama. Akanipa nguzo nibebe.

Nimebeba nguzo siku nzima. Nimepita kwenye mahindi yaliyolala chini, mabichi bado, yamekanyagwa na miguu mipana kama sinia. Mke wake alikuwa anaokota yaliyobaki. Hakunisalimu. Aliniwekea maji tu kwenye jiwe akaondoka.

Makau akauliza miaka yote hii Voi, nilikuwa sijui matofali ya ndovu? Nikasema mimi silimi. Akacheka mpaka akakaa. Akamwita jirani wa pili: njoo uone, yule nyani wa akala amerudi, leo anafanya kazi!

Nilistahili. Lakini waya wa akala nimeutoa. Nimeshona kwa uzi.

Ijumaa, 23 Januari

Mama Milka ameleta gunia la makaa yake. Ameliweka mlangoni. Akasema si langu, ni la Phanice, kwa sababu kabla hajaugua Phanice ndiye aliyewapa wanawake wazo la kichanja. Hilo sikulijua. Akaongeza ati Jumanne nije nijifunze, na safari hii nikae mpaka mwisho, mavi hayaumi mtu, mzee.

Nikasema nitaangalia kama nina nafasi. Nina nafasi mpaka nife.

Lorna amepiga. Mama anataka kuja kesho, mara ya mwisho. Jikoni kukiwa na moshi, vitu vyake vyote vinapanda Wundanyi. Hata sufuria ya ugali.

Jumamosi, 24 Januari

Nimefagia jikoni. Nimetoboa dirisha la pili kwa sururu, bila kuambiwa na mtu. Makaa ya Milka nikayawasha nje mpaka yakawa mekundu yote, kama alivyosema, ndipo nikaingiza jiko.

Phanice akasimama mlangoni muda mrefu, leso mdomoni. Lorna nyuma yake ameshika ile dawa kama bunduki. Kisha Phanice akashusha leso. Akavuta pumzi. Akaingia, akavuta kile kigoda chake, akakaa. Chai ikachemka. Hakuna moshi! Moto unapumua tu. Alikunywa vikombe viwili, na jasho kidogo likamtoka puani kama zamani.

Akasema, Baba Lorna, kweli haya makaa ni yako?

Sasa hapo. Hapo ndipo mahali pa kusema. Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema ya Milka, ya wanawake, hata kichanja ni wazo lako mwenyewe, mimi nimechimba dirisha tu. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Lakini alikuwa ananiangalia vile alivyoniangalia stesheni ya Voi nikiwa na yunifomu mpya.

Nikasema, ni yangu. Milka alisaidia kubeba.

Akanishika mkono. Akasema Lorna arudi peke yake, yeye amefika kwake. Lorna akalia. Mimi nikaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Jioni Phanice akasema kesho baada ya kanisa anataka kuona kichanja changu. Atakuja na kina mama wote. Na Milka. Na mke wa Makau.

Jumapili, 25 Januari

Asubuhi. Sina kichanja.

Nimekaa kitandani nikawaza kumwambia ukweli. Naweza. Ni maneno machache. Phanice anaimba jikoni, hakohoi. Nimemsikiliza wimbo wote mpaka mwisho.

Kichanja kimoja cha Milka ni chepesi, nguzo nne tu na fito. Mtu mmoja mwenye nguvu za reli anaweza kukibeba pamoja na makaa yake. Baadaye nitakirudisha. Na wote watakuwa kanisani mpaka saa saba.

Akala nimeziacha chini ya kitanda. Mtu mwenye akili hukosea mara moja. Leo nitavaa viatu vya kanisani.

Nimemwambia Phanice atangulie. Mgongo umeanza tena.