Malalamiko Dhidi ya Fundi Aliyezisingizia Funguo Zangu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Umoja wa Mafundi Magari,

Pokea heshima zangu. Nakuandikia kama mwenyekiti, si kama shemeji, kwa hiyo tafadhali usianze kusoma huku unacheka. Mambo ya ukoo nitayaweka mwishoni, mahali pake.

Gari langu unalijua, maana umeshalisukuma mara mbili. Lina umri wa kuoa. Kwa miezi mitatu sasa linazima likiwa kwenye mwendo, bila kukohoa wala kuaga. Nikigeuza ufunguo linawaka palepale, kana kwamba aliyezima ni mimi. Fundi wenu, yule binti mnayemwita Spana, akabadilisha filta ya mafuta, akabadilisha plagi, akapima pampu, akasugua vichwa vya betri. Likaendelea kuzima. Mpaka hapo sikuwa na neno naye.

Jumanne akaomba tuendeshe wote. Kwenye tuta la kwanza tu, likazima. Badala ya kushuka aangalie injini, akawa anaangalia goti langu. Akasema swichi ya kuwashia imelegea kwa uzee, na kicha changu cha funguo kinaivuta kila tunaporuka tuta. "Mzee, gari lako haliumwi," akasema. "Linavutwa shati."

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ametoa jibu bila kufungua boneti. Kazi ya fundi ni kulitibu gari, si kumtibu mwenye gari.

2. Funguo zenyewe ni ishirini na tisa tu, pamoja na kifungulia chupa. Kama uzito ndio unaozima gari, basi wewe, Mheshimiwa, ungelizima siku ile ya msiba ulipokaa kiti cha mbele na mizigo yako yote. Halikuzima. Lilishindwa kupanda kilima, na hilo ni kosa jingine kabisa.

3. Aliniuliza funguo zote hizo ni za nini. Swali hilo linahusiana vipi na injini? Nilimjibu hata hivyo, kwa adabu. Nimekuwa mtunza stoo wa hospitali miaka thelathini na moja. Mashuka, magodoro, sabuni, glavu, vyote vilipita mkononi mwangu. Daktari bingwa alikuwa akisimama mlangoni kwangu na kusema naomba. Nilipostaafu mwaka jana nilikipeleka kicha ofisini kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Kijana aliyeshika nafasi yangu hakunyanyua hata kichwa. Akasema kaa nazo tu mzee, makufuli tumeshabadilisha yote. Iliniuma, Shemeji. Samahani, Mwenyekiti.

4. Amenigombanisha na mke wangu, na hili ndilo kubwa. Wiki mbili zilizopita dada yako aliitwa kazini haraka. Mama mmoja alikuwa amezidiwa na uchungu na mkunga wa zamu alikuwa mmoja tu. Gari likazima katikati ya mzunguko, mara tatu. Akashuka, akavua viatu, akakimbia na sare yake. Alipofika mtoto alikuwa ameshazaliwa, kaoshwa, ananyonya. Tangu siku hiyo anakwenda kazini kwa miguu, na mimi namfuata polepole na gari nikimwomba apande. Watu wanatutazama. Basi nilipomweleza uzushi wa Spana, nikitegemea tukasirike pamoja, akasema kikulacho ki nguoni mwako. Kisha akaweka sahani mezani na kusema: "Ama funguo zitoke, ama gari litoke. Jumamosi nataka jibu." Jumamosi ni kesho.

Kwa sababu hizo naiomba kamati yako ifanye yafuatayo. Kwanza, Spana ahamishiwe kwenye baiskeli, ambazo hazina swichi. Pili, mtumie sauti yenu ili matuta yote tisa kati ya kwangu na hospitali yasawazishwe. Najua yaliwekwa kwa ajili ya waendao kwa miguu, na najua dada yako sasa ni mmoja wao. Yasiposawazishwa ataendelea kutembea; yakisawazishwa huenda akagongwa. Suala hilo dogo nawaachia wajumbe. Tatu, ipitishwe kanuni kwamba hakuna fundi atakayemuuliza mteja funguo zake ni za nini, hata kama anajua.

Hayo yakishindikana, nitalifungia gari uani na kukaa ndani yake. Likiwa limesimama halijawahi kunizimikia.

Sasa ya ukoo. Msalimie wifi wa dada yako, yaani mkeo, wasalimie watoto na mama mkwe, na mwambie mama kwamba sijambo na wala sijabadilika. Wasalimie mafundi wote isipokuwa mmoja unayemjua.

Ni mimi mlalamikaji wako, kwa masikitiko na heshima,
Mtunza Stoo (Mstaafu)

Nyongeza, Jumamosi asubuhi: Dada yako aliamka kabla yangu. Akautoa ufunguo wa gari kwenye kicha bila kuniuliza, akaenda hospitali na kurudi, matuta tisa kwenda na tisa kurudi. Halikuzima. Akaingia ndani anacheka, kitu ambacho sijakisikia tangu nistaafu, na sasa amekaa garini anaisubiri barua hii akuletee. Basi yote niliyoandika juu yafute, ubakize salamu, na Spana umwongeze kwenye hizo salamu. Mimi nimebaki na kicha mkononi, sijui nikiweke wapi. Shemeji, nasikia stoo yenu ya vipuri haina mtu. Sihitaji milango mingi. Hata mmoja.