Udongo Uliofutwa kwa Tangazo

"Wakazi wote wanatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu, udongo wa mfinyanzi hautakuwepo tena katika mji huu. Ardhi yote iliyo chini ya nyumba za makazi itahesabiwa kuwa ardhi tulivu, na yeyote atakayeitilia shaka atakuwa ameivunjia heshima."

Gari la matangazo lilizunguka mitaani tangu asubuhi likiyarudia maneno hayo. Mkurugenzi wa Idara ya Utulivu wa Ardhi, aliyeyatunga mwenyewe, alifungua dirisha la ofisi ayasikie vizuri. Sentensi ya mwisho ndiyo iliyomkosha hasa.

Uamuzi haukuwa wa kukurupuka. Kwa miaka mingi wakazi walikuwa wakilalamika kwamba sakafu zinapasuka, kuta zinaachana, na milango inakwama kila mvua zikinyesha. Mafundi walisema ni mfinyanzi: ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa, na zege lililo juu yake halipati raha. Walitaka udongo huo uchimbwe na kutolewa, yawekwe mawe na kokoto, yashindiliwe, ndipo zege limwagwe. Kamati ya Mkurugenzi ilikaa, ikanywa chai, ikagundua kwamba tatizo halikuwa udongo. Tatizo lilikuwa mtazamo. Mtu anayechimba kabla ya kujenga ameshaonyesha kwamba haiamini ardhi yake, na ardhi isiyoaminiwa itatuliaje?

"Basi na mbu wawafute," alisema muuza mkaa gari lilipompita. Lakini huyo hakuwa mtaalamu.

Kasoro ilianzia nyumbani. Mkurugenzi alikuwa akimjengea mama mkwe wake chumba uani, chenye baraza dogo mbele. Kuta zilikuwa zimesimama na paa limeezekwa. Ilibaki sakafu na baraza. Jioni ile alimkuta mama mkwe amesimama katikati ya chumba, anaukanyagakanyaga udongo kwa kisigino.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huu utachimbwa lini?"

"Hautachimbwa, mama. Huo ni udongo tulivu."

Mama mkwe aliinua mguu. Kandambili ilibaki chini, imenaswa.

"Mkwe," alisema taratibu, "mimi nimekuja hapa kupumzika. Sijaja kufanyiwa majaribio."

Mkurugenzi alimweleza kuhusu mtazamo. Alieleza kwa upole, kama mkwe anavyopaswa, na mama mkwe alimsikiliza huku akivuta kandambili yake kwa mikono miwili.

Fundi hakuleta ubishi. Mtaani walimwita Chapuchapu, na tangazo lilikuwa limemfurahisha kuliko mtu yeyote, maana lilimwokoa mgongo.

"Mkubwa, serikali ikisema hakuna mfinyanzi, mimi nani niuone?" alisema, akaanza kuchanganya saruji.

Zege lilimwagwa juu ya udongo vilevile ulivyo. Kulikuwa kukavu, na sakafu ikatoka laini kama meza. Mkurugenzi alipigwa picha amechuchumaa, kiganja juu ya baraza, kama daktari anayempapasa mgonjwa aliyepona. Picha ilimfikia Waziri, Waziri akapendezwa, akasema atakuja mwenyewe kukizindua kiwe Chumba cha Mfano.

Ndipo mvua zikaanza.

Kwanza ulitokea ufa mmoja, mwembamba, kutoka dirishani hadi katikati. Mkurugenzi alimleta ofisa wake wa nyufa, kijana mwenye tai, ambaye aliuangalia kwa muda na kutamka kwamba ule haukuwa ufa. Ulikuwa mstari wa mapambo uliojitokeza kwa hiari. Kesho yake mapambo yaliongezeka. Sakafu ilivimba kama unga uliotiwa hamira, na kitanda cha mama mkwe kikaanza kuhama.

"Nimelala kichwa kikiwa ukutani," aliwaambia wakati wa kifungua kinywa, "nimeamka miguu ndiyo iko ukutani. Kitanda kimenizungusha. Mimi narudi kulala na wajukuu."

Usiku ule mke wa Mkurugenzi hakumkaripia mumewe. Alisema tu, akikunja nguo, "Baba watoto, unajua mama alihama kwake kwa nini?"

"Nyumba ilichakaa."

"Ilipasuka akiwa ndani. Ukuta ulianguka ukaziba mlango, akatolewa na majirani. Anaogopa, ila hasemi."

Mkurugenzi alitaka kusema neno la maana. Akasema kamati italitazama.

Ukweli ni kwamba naye alijua. Kila asubuhi viatu vyake vilirudi kutoka uani vizito kama pasi ya mkaa, na kila asubuhi alivikwangua kwa kisu cha zamani akiangalia pembeni. Lakini mtu hawezi kutangaza jambo mji mzima halafu akabishana na viatu vyake.

Siku ya uzinduzi mvua ilikuwa inamwagika. Waziri alifika na gari refu jeusi, likapita getini na kusimama uani. Waandishi wa habari walijibanza chini ya miamvuli, majirani wakajaa ukutani. Mlango wa chumba ulikuwa wa chuma, unafunguka kwa nje, juu ya baraza. Kwa siku kadhaa ulikuwa ukilikwaruza zege kwa kelele inayoumiza meno, na Chapuchapu alikuwa ameushughulikia kwa njia ya kitaalamu, yaani aliupiga teke.

Waziri aliingia pamoja na mlinzi wake na Mkurugenzi. Mama mkwe alialikwa. Akasema anaona vizuri tu kutoka jikoni.

"Chumba kizuri," alisema Waziri, akiketi kwenye kochi aliloandaliwa. Kochi lilianza safari kuelekea kona ya chini. Waziri aliendelea kutabasamu mpaka lilipogota. "Kinamwelekeza mgeni mahali pa kukaa."

"Huo ndio ubunifu wenyewe, Mheshimiwa," alisema Mkurugenzi, mguu mmoja umekunjwa ili asimame wima.

Upepo ulirusha mvua ndani. Mlinzi, mtu mwenye mabega kama kabati, aliuvuta mlango kwa nguvu zote. Uliitika kwa kishindo. Hotuba ilisomwa kwa sauti kupitia dirishani, watu wakapiga makofi, na Waziri akaomba afunguliwe, kwa kuwa maji yalikuwa yanachuruzika kupitia kwenye mapambo na yalikuwa yamemfikia soksi.

Mlinzi alisukuma. Akasukuma kwa bega, halafu kwa mabega yote mawili. Baraza lilikuwa limepanda na kuushika mlango kwa chini kama koleo. Madirisha yalikuwa na nondo, kwa usalama.

"Fundi!" Mkurugenzi aliita. "Leta nyundo, vunja hapo mbele ya mlango!"

Chapuchapu alileta nyundo kubwa. Lakini mama mkwe alikuwa ameshatoka jikoni, amejifunika kanga kichwani, akasimama juu ya baraza.

"Subiri, fundi. Huko ndani kuna nini?"

"Mlango umekwama, mama," alisema Waziri kwa adabu, uso umebanwa kwenye nondo.

"Umekwamishwa na nini, mwanangu?"

"Na zege."

"Zege limefanya nini?"

"Limeinuka."

"Limeinuliwa na nini?"

Vinasa sauti vya waandishi vilisogezwa dirishani, kimoja baada ya kingine. Waziri alimgeukia Mkurugenzi.

"Mwinuko wa kimaendeleo," alinong'ona Mkurugenzi.

"Mwinuko wa kimaendeleo!" alitangaza Waziri.

"Hongereni," alisema mama mkwe. "Basi fundi, tuache maendeleo yaendelee. Twende tukanywe chai."

"Mama!" Maji sasa yalikuwa yamemfika Waziri kwenye kifundo cha mguu, maana kochi lake lilikuwa kona ile ile ambako kila kitu kilielekea. Alimkamata Mkurugenzi kwenye kola. "Huyu ni mkweo. Sema naye! Sema lolote!"

Mkurugenzi alichungulia kati ya nondo. Alitegemea kumwona mama mkwe akicheka kama wengine. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameukazia macho mlango ule uliofungwa na watu ndani, na alikuwa ameikumbatia kanga kifuani kwa mikono miwili.

"Ni mfinyanzi, mama," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia kwa kelele. "Ni udongo wa mfinyanzi! Upo! Ulikuwepo siku zote! Ulipaswa kuchimbwa nami nilikuwa najua!"

Majirani walilipuka kwa vigelegele. Mkurugenzi alishangaa kusikia kifua chake kimekuwa chepesi.

"Huyo ni mwanangu nimemsikia," alisema mama mkwe, akijifuta macho. "Bado mkubwa wake."

Waziri alisema. Alisema mara mbili, kwa kuwa mwandishi mmoja alidai kinasa sauti chake hakikushika.

Nyundo ikashuka. Baraza likavunjika vipande, mlango ukaachia, na Waziri akatoka mbio kuelekea garini bila kuaga. Dereva aliwasha, akakanyaga mafuta. Magurudumu yalizunguka, yakarusha tope hadi kwenye suti ya Mheshimiwa, yakazama. Yakazungushwa tena, yakazama zaidi, hata tumbo la gari likalala chini kama nguruwe aliyeshiba.

"Halitoki hilo," alisema Chapuchapu, kwa furaha kidogo. "Liwekewe vitu vigumu chini."

Uani kote hapakuwa na kitu kigumu isipokuwa zege la Chumba cha Mfano.

Ikabidi livunjwe lote. Mlinzi alipiga nyundo, Mkurugenzi alijaza makarai, na Waziri, kwa kuwa mikono haikutosha na mkutano mwingine ulikuwa ukimsubiri, alibeba mapande ya sakafu aliyotoka kuizindua na kuyapanga chini ya magurudumu, huku mama mkwe akimwelekeza: "Hapo, mwanangu. Hapana, kulia. Unaharibu." Waandishi walipiga picha mpaka betri zikaisha. Gari lilipong'oka hatimaye, chumba kilikuwa hakina sakafu hata ya dawa.

Mvua ilikatika. Watu walitawanyika. Mkurugenzi aliegemea ukuta, ametapakaa tope, akifikiri kwamba kesho huenda hatakuwa mkurugenzi wa kitu chochote. Mkewe alikuja na kikombe cha chai, akakiweka dirishani. Mkononi mwingine alikuwa ameshika jembe, na hilo ndilo alilompa kwanza.

Alichimba. Udongo uling'ang'ania jembe kama mtoto anayekataa kwenda shule. Kila pigo alilazimika kuubandua kwa vidole. Shimo lilipomfika magotini aliinua kichwa, akahema.

Mama mkwe aliinama ukingoni, akamega donge, akalifinyanga kati ya vidole. Donge likatoka limebeba alama ya gumba lake.

"Bado," alisema.

"Bado, mama," alisema Mkurugenzi, akainua jembe.