Maziwa ya Dongobesh Yamelalaje

Jumatatu, 9 Juni

Baridi. Ukungu mpaka mlangoni. Chai vikombe viwili na vidole bado vimekufa ganzi.

Leo nimedhalilishwa. Mama Letisia kaja kutoka Tumati na punda wake na madumu yake, mimi nimesimama kando ya tanki la kupozea, pale pale nilipozoea kusimama tangu ushirika wetu wa maziwa uanze. Nikajiweka sawa. Nikakohoa. Kanipita! Kaenda dirishani kwa Samira, kamuuliza yeye: maziwa yamelalaje?

Swali hilo ni langu. Miaka yote lilikuwa langu. Tanki lilikuwa halijipimi lenyewe. Nilikuwepo mimi na kipimajoto changu kwenye kopo lake la bati. Asubuhi nachovya, nainua, nafumba jicho moja. Akina mama kimya, harufu ya moshi wa vibuyu kwenye vitenge vyao. Halafu natangaza: yamelala digrii nne! Wote wanashusha pumzi. Nilikuwa mtu, jamani.

Sasa kuna Samira, binti wa Halfani mwenye duka la vitambaa, kasomea kompyuta. Ndani ya tanki kawekwa kidude. Kila baada ya muda kinapeleka joto la maziwa kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za watu zilizo mbali huko. Samira akitaka kujua, anafungua dirisha jeusi kwenye kompyuta yake, anaandika amri, namba zinashuka. Kipimajoto changu kinaning'inia msumarini, ndani ya kopo lake.

Alhamisi anakuja mnunuzi kutoka Arusha. Akiridhika na maziwa yetu, atayachukua yote, kila siku. Akikataa, tutarudi kuuza vikombe kando ya barabara. Lazima atauliza yamelalaje. Na atakayejibu ni mimi, kwa hiyo hiyo amri yao.

Nimemwambia Rogathe, mke wangu. Kasema nianze kwanza kujifunza kufunga banda, ndama katoka tena.

Jumanne, 10 Juni

Nimeingia kwa Samira bila kupiga hodi. Hila yenyewe ni rahisi: yule binti kalelewa vizuri, hawezi kumkatalia mzee. Kweli. Kasimama, kaniamkia shikamoo, kanipa kiti chake chenye magurudumu. Marahaba, nikasema, nifundishe. Hakuwa na njia.

Si kazi ngumu. Unaandika jina la kipimo, unaandika kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, unaandika kama unataka wastani au kiwango cha juu kabisa. Unabonyeza. Kwa herufi zangu nilichukua muda kidogo. Mara ya kwanza mashine ikasema hainifahamu. Hainifahamu! Dongobesh nzima inanifahamu. Samira kasema inataka ufunguo, yaani neno la siri, kanitengenezea wa kwangu. Baadaye nikagundua ni ufunguo wa kusoma tu. Siwezi kufuta kitu wala kubadilisha. Nimeumia.

Kaniambia pia jambo fulani kuhusu saa za hilo wingu, kwamba haziendi kama zetu. Sikusikiliza sana. Kiti kilikuwa kinazunguka.

Kanishauri nisiombe wastani, maana wastani unaficha siku mbaya. Kiwango cha juu ndicho kinasema ukweli. Nikamwambia mimi nimekuwa nikisema ukweli kabla hajazaliwa.

Jumatano, 11 Juni

Leo saa kumi na mbili asubuhi tumeosha tanki kwa ajili ya mgeni wa kesho. Maji nimeyachemsha mwenyewe, yanatoa mvuke, nikayamwaga ndani mwenyewe. Chuma kikang'aa. Nikakumbuka siku tuliyolileta tanki hili kwenye trekta, watoto wanakimbia nyuma, mwenyekiti wetu Bura analia waziwazi. Nami nililia. Siku hizi vitu vikija hakuna anayelia. Baada ya hapo tukajaza maziwa ya asubuhi, na jioni tukaongeza.

Mchana nimefanya jambo kubwa. Kwa nini niandike amri moja moja? Nimeomba mafundisho kwenye simu, nikanakili programu fupi inayorudia kuuliza yenyewe. Nikaiambia iulize bila kupumzika. Joto likoje? Joto likoje? Joto likoje? Namba zikashuka kama mahindi kwenye debe. Raha!

Kisha zikakatika. Wingu likajibu kwamba nimeuliza mno, nisubiri. Samira naye akatoka mbio, kwake pia hakuna kitu, tunatumia akaunti moja. Akaniuliza kwa upole kama kuna mtu kagusa. Nikasema huenda ni ukungu.

Lakini nimewaza sana jioni. Akina mama wa Tumati waliniuliza miaka na miaka, mmoja baada ya mwingine, swali lile lile, na mimi sikuwahi kumwambia yeyote kwamba kauliza mno. Hilo wingu halina adabu.

Alhamisi, 12 Juni

Siku yangu. Koti la harusi. Rogathe kasema limebana, nikasema ndivyo linavyovaliwa.

Mgeni kafika baada ya chakula, mwanamke mmoja mkimya, kalamu mkononi. Bura kamkaribisha. Akina mama wote walikuwepo, Mama Letisia mbele. Mgeni kasema anataka kujua jana usiku maziwa yalikuwa na joto gani, tuseme saa tatu, wakati yameshatulia. Samira akanyoosha mkono kwenye kompyuta. Nikamwambia binti yangu, pumzika. Kakaa. Adabu, nilisema.

Nikaandika. Jina la kipimo, sawa. Tarehe ya jana, sawa. Saa tatu: 03:00. Kiwango cha juu, ili asiseme tunaficha. Nikabonyeza. Namba ikashuka na mimi hata sikuiangalia vizuri, nilikuwa nimeshapanua kifua. Nikatangaza kwa sauti yangu ya zamani:

"Maziwa yamelala digrii sitini na mbili!"

Kalamu ya mgeni ikasimama.

"Baba Tito," Mama Letisia akasema taratibu, "hayo si maziwa. Hiyo ni chai."

Nilitamani ardhi ipasuke. Bura kashika kichwa. Mgeni akaanza kufunga mkoba wake, na nikaona maziwa ya kijiji kizima yanaondoka ndani ya mkoba ule.

Samira akainuka, akaniomba radhi kwanza, mbele za watu, ndipo akaeleza. Saa ya wingu inaanza kuhesabu usiku wa manane, siyo jua linapochomoza. Tena inafuata saa ya kimataifa, iko nyuma yetu kwa saa tatu. Hiyo 03:00 niliyoandika kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi. Yaani mzee kasoma maji ya kuoshea tanki. Saa tatu yetu ya usiku kwa wingu ni 18:00. Akaandika hivyo. Digrii nne.

Mgeni kasema ameona majibu mawili kutoka mashine moja. Ataamini lipi?

Basi macho yangu yakaenda msumarini. Nikakitoa kipimajoto kwenye kopo lake. Jana imepita, nikamwambia mgeni, lakini maziwa yale yale bado yamo. Nikachovya. Nikainua. Nikafumba jicho moja. Sikutangaza, nilimpa asome mwenyewe.

Kasoma nne. Kaangalia kompyuta, nne. Katabasamu kidogo, kamwambia Bura wakazungumzie mapipa na gari.

Mama Letisia alinishika bega wakati anatoka. Kasema zamani ilikuwa hivi hivi. Nikajifanya nakohoa.

Ijumaa, 13 Juni

Kijiji kizima kinasema kipimajoto changu ndicho kimetuokoa. Mimi naona tofauti. Aliyetuokoa ni mimi. Kipimajoto ni cha kizamani. Mtu aliyeishinda kompyuta mbele ya mgeni wa Arusha hawezi kurudi kuchovya.

Mpango mpya: kila asubuhi saa kumi na mbili, akina mama wote wapate meseji kwenye simu, yenye joto la maziwa na jina langu chini. Samira kanipa programu, kaniwekea na namba za simu, kabakiza nafasi ya saa. Kaomba aikague nikimaliza. Nikasema kosa la jana nimeshalielewa, hakuna haja. Nimeijaza mwenyewe. 12:00.

Kipimajoto nimekifunga kwenye kabati. Kwaheri, rafiki yangu. Tumefanya kazi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeamka mapema, koti la harusi, nimesimama kando ya tanki kusubiri simu zilie.

Saa kumi na mbili, ukungu unatembea, nikaona punda. Mama Letisia. Hakwenda dirishani! Kaja moja kwa moja kwangu, kashusha madumu, kaniuliza mimi, kama enzi zile: "Baba Tito, maziwa yamelalaje?"

Moyo uliruka. Nikamwambia asubiri meseji.

Tukasubiri. Kashika simu yake mkononi, nami yangu. Punda kajamba. Kauliza tena, kwa sauti ya chini, kwani kipimajoto kiko wapi. Nikamwambia hayo ni mambo ya kale, sasa hivi inaingia. Kanitazama kidogo, kabeba madumu yake, kaenda dirishani kwa Samira.

Watu wa siku hizi hawana subira.

Meseji imeingia alasiri saa tisa, nikiwa natafuta ndama. Digrii nne, na chini jina langu, Nikolausi. Nilimpigia Mama Letisia kumjulisha. Kasema asante, sasa anakaribia kukama ya jioni.

Ni uzembe wa mashine tu, imechelewa. Kesho naihamishia saa moja asubuhi, ipate nafasi ya kujiandaa, ndio muda akina mama wote wako macho. Nimeshaandika, na Samira sijamsumbua: 01:00.