Pointi Zimeshuka, Friji Imepanda

Habari yenyewe ililetwa na kichwa kilichonyolewa nusu. Keshia wa kasino alikuwa amekalia kiti cha Wembe, kinyozi wetu, mwenye banda na mwenye benchi tunaloliita kijiwe, akaropoka kwamba kuanzia wiki hii mambo ya kasino huko juu ghorofani yamebadilika. Halafu akanyamaza, kama mtu aliyekumbuka ameajiriwa na nani. Wembe akazima mashine. Akamweleza kwa upole wa daktari wa meno kwamba upande wa kushoto wa kichwa utaendelea pale habari itakapoendelea.

Basi ikaendelea. Sahani ya kuku waliyokuwa wakipewa wenye kadi ya dhahabu imegeuka pakiti ya biskuti. Gari la kuwarudisha wachezaji majumbani limeuzwa. Pointi, zile anazowekewa mtu kwenye kadi kila anapocheza, ashinde asishinde, zimekatwa nusu, hata zilizokwisha kuwekwa. Na ile friji nyeupe ya milango miwili, iliyosimama pale mapokezi na utepe mwekundu kifuani kama mgombea wa uongozi, bei yake ya pointi imepanda.

Sote tukageuka kumtazama Fundi Suti.

Huyu ni fundi cherehani. Jina hilo alibandikwa na watu kwa sababu ya suti moja aliyowahi kushona maishani, na aliyeshonewa alihama mtaa. Lakini kwa kaptura na sare za shule hana mpinzani. Ndiye mwenye kadi ya dhahabu ya kijiwe. Nasema ya kijiwe kwa sababu sote tulikuwa tunachezea kadi hiyo moja, ili pointi zijae haraka. Kadi huchomekwa kwenye mashine, na Fundi, kwa kuogopa isipotee, aliifunga kwa lastiki ya suruali akaivaa shingoni. Ukitaka kucheza, basi unacheza na Fundi, ameinama ubavuni pako, shavu limegusa mashine, kama anayesikiliza moyo wa mgonjwa. Ukishinda anaruka, lastiki inamrudisha.

Tabu yote hiyo ni kwa ajili ya mkewe, Mama Pacha, anayeuza juisi mlangoni kwake. Juisi tamu, lakini ya moto kama uji, na wateja walikuwa wameanza kuhamia kwa jirani mwenye friji. Fundi akaahidi. Mama Pacha akaamini mno. Kona ya chumba ikaachwa wazi, kitambaa cha kufunikia friji kikadariziwa maua, na pacha wakicheza wakawa wanakemewa wasigonge friji ambayo haijafika. Mgeni mmoja aliweka kiti chake pale kwenye kona akaombwa asogee kidogo, kwani amekaa kwenye friji.

Imani hiyo jana ilikuwa imefika kikomo. Fundi alitueleza mwenyewe, sauti chini, kwamba amepewa sharti. Jumamosi ikifika, ama friji iingie ama cherehani itoke ikauzwe, inunuliwe friji. Na cherehani ikitoka, fundi atabaki na tepe ya kupimia shingoni na kadi ya dhahabu, yaani mapambo matupu.

"Kwa hiyo tunaendelea kucheza au tunaacha?" aliuliza Wembe. "Maana leo lazima tuamue."

Wa kwanza kuamua alikuwa Dalali. Dalali wetu wa nyumba hajawahi kuona nyumba mbovu. Ikivuja husema inapitisha hewa, na isiyo na choo husema haina harufu. Akasimama, akavuta mkanda, akatangaza kwamba huu ndio wakati wa kucheza kuliko wakati wowote. Kitu kikishuka thamani ndipo mwenye akili huingia. Tukitoka sasa, tutawaachia wengine faida.

"Wengine gani?" nikamuuliza. "Juzi tulikuwa sisi wanne na paka."

"Na paka alisinzia," akaongeza Wembe.

Dalali akasema mvumilivu hula mbivu. Wembe akamjibu kwamba mbivu zikivumiliwa sana huliwa na nzi, na sisi tumevumilia mpaka zulia la kasino limetoboka, kipoza hewa kinatiririka kwenye ndoo, na kwenye ile mashine ya matunda nanasi halionekani tena, lazima uulize wenzako kama umeshinda. Dalali akasema ukiyavulia maji nguo sharti uyaoge. Hapo nikamkumbusha kwamba sisi tumevua nguo mwaka mzima na maji yenyewe yamekatwa. Mpaka keshia, na nusu yake ya nywele, akacheka, halafu akaomba amalizwe. Hakuna aliyemsikia.

Mimi naandika vibao vya maduka. Nimeandika "Tunafungua Karibuni" kwenye milango ambayo nilikuja kuifuta kabla haijafunguliwa, kwa hiyo mashimo ya dunia nayajua kwa kudumbukia. Lakini siku ile nilikuwa nacheka na wenzangu tu, mpaka Fundi alipoingiza mkono mfukoni, akatoa kitita cha noti kilichofungwa kwa uzi.

Kilikuwa cha wazazi wa wanafunzi, fedha ya vitambaa vya sare. Alikiweka gotini akakipigapiga kama anambembeleza mtoto.

"Nikipanda leo na hizi zote," akasema, "nikacheza kwa kishindo mara moja tu, pointi zitafika. Mzigo wa vitambaa nitaujua baadaye."

Hata Dalali, mtu wa kuuza nyumba iliyoungua, alitazama pembeni.

"Fundi," nikasema, "friji inauzwa dukani, kwa pesa. Pesa tulizompelekea yule bosi wa kasino zingenunua friji, na friji nyingine ya kuilinda ya kwanza."

Hesabu hiyo kila mmoja wetu alikuwa nayo kichwani, ila tulikuwa tunaizunguka kama mbwa mkali.

"Unadhani sijui?" Fundi akasema. "Ningenunua, mama pacha angesema nimenunua. Kila mtu ananunua. Mimi nilitaka siku moja niingie kwangu nimeshinda kitu."

Hapo hata utani wangu ulitafuta pa kujificha. Wembe akakohoa, akaitisha kura. Anayetaka tuache anyooshe mkono. Akanyoosha yeye, nikanyoosha mimi, keshia naye akanyoosha akitokea chini ya shuka la kinyozi, ingawa ni mtumishi wa kasino, akasema na yeye anatafuta kazi kwingine. Dalali akanyoosha mkono mmoja huku na mwingine kule, kwa mazoea ya kuchukua ada kwa muuzaji na kwa mnunuzi. Fundi hakunyoosha. Alikuwa ameshasimama, kitita mkononi, uso umeelekea kasino.

Hakufika popote, maana mbele yake alikuwa amesimama Kamanda.

Kamanda ni mlinzi wa mlango wa kasino. Kwa kuwa kazi yake ni kusimama, akija kijiweni huwa anakaa kabla hajasalimia. Siku hiyo hakukaa. Alisema ana shida ndogo ya mabega. Bosi hajawalipa miezi kadhaa, na leo wafanyakazi walipogoma, amewaambia kila mtu achague kitu mle ndani kinacholingana na jasho lake. Mpishi kachukua jiko. Mfagiaji kachukua meza ya karata, aifanye ya kulia chakula. Yeye Kamanda kachagua friji.

"Ipo pale chini ya ngazi," akasema. "Nimekuja kuwaomba mnisaidie kuibeba, jamaa zangu. Fundi, wewe unaijua vizuri, utashika mbele."

Nimewahi kuona mtu akipigwa na mlango. Sijawahi kuona mtu akipigwa na friji ikiwa mbali vile. Fundi alirudisha kitita mfukoni, akasema, "Twende basi, isije ikachubuka."

Tukaibeba. Fundi mbele, Kamanda nyuma, mimi na Wembe ubavuni, keshia na kichwa chake cha pande mbili akishika milango isifunguke. Dalali alitembea pembeni akiwaonyesha watu njia na kuwaeleza sifa za friji. Na Fundi aliibeba, jamani. Kwenye kila shimo alituomba tupunguze mwendo. Jasho likidondokea juu ya bati alilifuta kwa kiwiko. Kamanda akamwambia hata mama yake mzazi hakubebwa hivyo akipelekwa hospitali.

Sasa, njia ya kwenda kwa Kamanda inapita mlangoni kwa Fundi. Hilo sote tulilijua na hakuna aliyelisema. Nilifikiri tutapita upesi, kama watu wanaopita mbele ya duka wanalodaiwa.

Mama Pacha alikuwa mlangoni na jagi la juisi. Alituona tulipokata kona. Akaliweka jagi chini taratibu, akatazama mara ya pili, halafu akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika kwa bosi wa kasino. Majirani wakatoka. Pacha wakatoka. Yule jirani mwenye friji naye akatoka, akasimama na mikono kiunoni. Mama Pacha akaingia ndani mbio, akarudi na kitambaa cha maua, akakitandaza juu ya friji ikiwa bado mabegani mwetu, akamtazama mumewe kwa macho ambayo, kwa mujibu wa Wembe, hayajaonekana mtaa huu tangu siku ya harusi.

"Baba pacha," akasema. "Kumbe ulikuwa unasema kweli."

Tuliitua. Kimya kikawa kizito kuliko friji. Nilijua Fundi anachagua kati ya aibu ya sasa na aibu ya baadaye, na bei ya ile ya baadaye huwa inapanda kama ya friji.

"Mama pacha, hii si yetu," akasema mwishowe. "Ni ya Kamanda, mshahara wake. Mimi ni mbebaji tu. Pointi zangu zimekatwa nusu, na nilikuwa naenda kuzifukuzia kwa fedha ya sare."

Akatoa kitita akampa, mbele ya watu wote. Mama Pacha akakipokea, akakitia kifuani. Akamgeukia Kamanda.

"Shemeji, hongera. Kwako kuna umeme?"

Kamanda akajikuna. Akasema hakuna, amekatiwa siku nyingi.

"Sasa friji ya nini?"

"Ya kuwekea nguo, shemeji. Panya wanakula sare zangu, na ile milango inafunga vizuri."

Nilipigana na kicheko nikashindwa. Wembe alilazimika kushika ukuta. Mama Pacha peke yake hakucheka, maana alikuwa kazini. Alimwambia Kamanda kwamba chumbani kuna kabati la mbao, la mninga, panya watavunja meno. Alichukue leo hii hii. Friji ibaki hapa kwenye umeme, ibaki ya Kamanda, na kila Jumamosi aje achukue fungu lake la mauzo. Sare zake zilizoliwa zitatiwa viraka bure na fundi aliyepo hapa, ambaye sasa atakuwa na muda mwingi wa kukaa kwenye cherehani.

Kamanda akauliza kama kabati lina kioo. Alipoambiwa linacho, akatoa mkono.

Friji ikaingia kwenye kona yake. Pacha walishangaa kuona kwamba sasa ukiigonga inauma. Mama Pacha alimvua mumewe kadi ya dhahabu pamoja na lastiki, akaichunguza pande zote, akasema itafaa kukwangulia barafu ikigandamana. Fundi alivuliwa bila ubishi. Akainama, akasikiliza friji inavyonguruma, shavu limegusa mlango, akatabasamu.

"Umeshinda nini basi?" Dalali akamchokoza.

"Nimebakishiwa cherehani," akasema Fundi. "Na leo nitalala ndani."

Hivyo tukaacha kasino. Jioni ile ile tuliketi mbele ya mlango wa Mama Pacha tukiapa kwamba binadamu mwenye akili hawezi kuvutwa na biskuti, pointi wala utepe mwekundu. Wembe alisema sisi sasa ni watu huru. Mama Pacha akapita na trei, bilauri zimetoka jasho la ubaridi, akatuarifu kwamba biashara imeanza upya, kwa hiyo kuna ofa. Ukinunua bilauri nne, ya tano ni bure.

Kila mtu alitazama bilauri yake.

Dalali akauliza kama zile nne anaweza kuzihesabu pamoja na za jirani yake. Akaambiwa hapana, kila mtu na zake. Wembe akaagiza ya pili kabla hajamaliza ya kwanza. Kamanda, mwenye friji, aliagiza mbili mbili. Mimi nilisema waziwazi kwamba ni ujinga kulipia nne kwa ajili ya moja, nikalisema hilo nikiwa katika ya tatu. Fundi alifika ya nne kabla yetu sote, akasimama kudai ya bure, akaishika kwa mikono miwili kama kikombe cha ubingwa, akainywa yote mpaka tone la mwisho mkewe akimtazama. Alipomaliza alikaa wima sana, hathubutu kuinama.

Kikao hakikufungwa rasmi. Watu waliondoka mmoja mmoja kwa hatua fupi fupi, bila kuaga, kila mtu akiulizia choo kilipo.