Neno la Siri la Mpiga Chapa

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeitoa kabatini kompyuta ya marehemu mke wangu. Mwaka mzima imekaa chini ya mashuka. Binti yetu anakuja Jumamosi, anataka kusikia sauti ya mama yake. Miezi yake ya mwisho alikuwa akijirekodi humo, akisimulia mambo ya zamani.

Nikaipangusa vumbi kwa nguvu zote, kitufe kwa kitufe, hadi ikang'aa. Nikaiwasha. Picha yake ikatokea, anatabasamu, na chini yake kisanduku cha neno la siri. Neno nalijua! Aliniambia mwenyewe: mapumziko. Nikaandika. Vikatokea vidoti tisa. Imekataa. Nikarudia polepole, kwa kidole kimoja. Imekataa.

Binti akapiga simu kuuliza kama imefunguka. Nikamwambia imefunguka zamani, na sauti ni safi kabisa. Sijui kwa nini nilisema vile. Basi, nina siku tano.

Jumanne, 5 Machi

Shemeji amepita asubuhi. Ni mdogo wake marehemu, fundi mstaafu wa mitambo ya simu. Moyoni namwita Mjuaji. Akaiona kompyuta mezani, akaomba aiangalie. Nikasema haina tatizo lolote, inapoa tu. Akanitazama kama mtu anayenusa kitu kinachoungua. Simpi nafasi hiyo! Tangu siku ya harusi anangoja nishindwe jambo.

Alipoondoka nikajaribu mara kumi. Hola.

Lile neno lina kisa chake. Nilikuwa karani wa masjala, mke wangu alikuwa chumba cha mbele na wapiga chapa wenzake sita. Mashine saba zikilia kwa pamoja, na bado niliweza kuitambua yake. Ilikuwa na mlio mwepesi, kama mvua inayoanza juu ya bati. Ikikaribia saa nne, faili linarudi masjala na kikaratasi ndani, kimepigwa chapa neno moja tu: mapumziko. Natoka nje, namkuta ngazini.

Na kabla ya vikaratasi hivyo? Nilikuwa nampelekea faili ambalo hakuna aliyeliomba, ilimradi nipite karibu na meza yake. Ujanja mtupu. Hakugundua hata siku moja.

Jumatano, 6 Machi

Nimeng'amua! Kibodi imezoea vidole vya mpiga chapa. Inataka kupigwa kwa kishindo, kama zile mashine za chuma. Nikaipiga. Kitufe cha K kikaruka, kikaingia chini ya kochi. Nusu saa nimelala kifudifudi na ufagio. Nimekirudisha kwa gundi. Kimekaa upande.

Kisha kompyuta ikaandika kwamba majaribio yamezidi, nisubiri. Inanipa mimi adhabu, nyumbani kwangu!

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kwa fundi wa kompyuta. Ili kulinda heshima, nikasema mashine ni ya shemeji yangu, mzee mmoja mbishi, haambiliki. Fundi akauliza ni nani huyo aliyebandika kitufe kwa gundi. Nikasema ndiye huyo huyo, tena hata redio hajui kuwasha.

Kikohozi nyuma yangu. Shemeji! Kaja kumsalimu fundi, kumbe ni mwanafunzi wake wa zamani.

"Na huyo shemeji yako," akaniuliza kwa upole, "anaishi wapi?"

Nikaikwapua kompyuta, nikasema nimeacha sufuria jikoni. Fundi alikuwa hajaigusa bado.

Ijumaa, 8 Machi

Sijatoka nje. Nimejaribu kuandika kwa mkono wa kushoto, kisha nimefumba macho, kisha kwa kuibembeleza. Mchana nimeitazama tu ile picha yake. Nikamwomba radhi kwa gundi.

Jumamosi, 9 Machi

Binti amefika. Nikamwambia leo umeme ni mdogo. Taa zote zinawaka. Nikasema basi ni betri.

"Baba," akasema, "hujaifungua."

Nikautazama ukuta. Hakugomba. Akampigia mjomba wake.

Mjuaji akaingia, wala hakunitania. Akanionyesha alama ya kijicho pembeni mwa kisanduku, akasema nikiibonyeza maandishi yataonekana. Nikaandika mapumziko. Ikasomeka 0a*40z526.

"Herufi zako nyingine zinatoka tarakimu, shemeji. Kuna kitufe kinachozigeuza, nacho kimebonyezwa. Nani aliisafisha hii?"

Nikasema siku hizi vumbi limezidi.

Akabonyeza kitufe kimoja. Kimoja tu! Nikangoja aifungue mwenyewe, ajisifu hadi uzeeni. Akanisogezea kompyuta.

"Andika wewe. Neno ni lenu."

Ikafunguka. Binti akabonyeza rekodi ya kwanza na chumba chote kikajaa sauti ya mama yake. Alikohoa kidogo, akacheka, akaanza:

"Baba yenu alikuwa akiniletea faili lile lile mara nne kwa siku. Alidhani sijui. Wote saba tulijua, wenzangu walikuwa wakimhesabu. Mimi niliogopa jambo moja tu, asije akaacha."

Binti akacheka huku machozi yanamtoka. Shemeji akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Mimi nikashughulika na kitufe cha K.

Jumapili, 10 Machi

Binti ameondoka na nakala ya rekodi zote kwenye simu yake. Ameniomba niandike neno la siri kwenye karatasi, nibandike ndani ya kabati. Nikamwambia likibandikwa si la siri tena.

Halafu nikawaza. Mjuaji sasa anajua mapumziko. Neno letu! Hapana. Nimelibadilisha. Nilifanya haraka, wakati Mjuaji, aliyekuja kumuaga binti, anaosha vikombe: nikaandika neno jipya mara mbili, likakubaliwa bila tatizo. Wakati wote kitaa kidogo cha kijani kilikuwa kinawaka kwenye kitufe cha herufi kubwa. Kinapendeza. Nilipomaliza nikakizima, kuokoa betri.

Shemeji nimemwalika kesho asubuhi. Nitaifungua mbele yake, kwa kidole kimoja, nione atasema nini.