Honi Isiyoambilika

Jumatatu, 11 Agosti
Gari limepiga honi lenyewe! Mikono yangu ilikuwa imeshika salteña, andazi la nyama, mchuzi ukinitiririka mpaka kiwikoni. Gari jipya hilo, viti bado vina nailoni. Na tulikuwa kwenye msafara wa mazishi. Wafiwa wote wakageuka. Nami nikageuka, kumtafuta huyo mhuni. Jirani yangu Don Fructuoso, mwenye teksi kuukuu inayokohoa, akauliza kwa sauti kubwa kama nina haraka ya kumzika marehemu. Mwanaharamu.

Jumamosi nampeleka Yhoselin, binti yangu wa ubatizo, kanisani kuolewa. Heshima hiyo ni yangu. Fructuoso naye anaimezea mate. Leo kaiosha teksi yake, eti ikitokea dharura.

Jumanne, 12 Agosti
Nimeshinda gereji kwa fundi Grover. Honi kimya, utadhani mkwe mpya. Grover akasema haoni ubaya wowote. Kukata kona tu, piii! Mbele ya trafiki! Nikamwambia si mimi, ni gari. Akasema basi lishuke lijieleze lenyewe.

Nimeelewa. Gari linamwogopa fundi. Kesho namwalika Grover chakula cha mchana, aje na suti, lisimtambue.

Jumatano, 13 Agosti
Grover alikuja na tai. Akala supu, akaongeza, akafungiwa nyingine ya mkewe. Honi kimya. Alipopotelea tu njiani, piii! Mke wangu Casilda akasema hata gari limeshajua mjinga wa nyumba hii ni nani. Nikachovya mkate. Supu ilikuwa tamu.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimegundua! Gari lina kiu. Juzi juzi tulilipeleka kubarikiwa kwenye kanisa la Copacabana, kule ziwani. Padre akanyunyiza maji, nasi tukamwaga bia na vikaratasi vya rangi, kama ilivyo ada ya kumshukuru Mama Ardhi. Wenzangu walimwagia boneti na magurudumu tu. Mimi si bahili, nikamwaga mpaka ndani, juu ya usukani. Kumbe bado Mama Ardhi hajaridhika. Leo nimeongeza chupa nzima, palepale usukanini. Honi imenyamaza! Fructuoso alichungulia uani, wivu unamla.

Ijumaa, 15 Agosti
Honi imelia tangu alfajiri bila kupumua. Majirani wametoka na mablanketi. Yhoselin akaja anatokwa na machozi. "Baba, nitaingia kanisani kama naongoza maandamano! Niache niende na Don Fructuoso." Nimeumia, sisemi uongo. Nikaingia chooni kulia.

Grover akaja mbio, akafungua usukani. Ndani, bia imegandiana na vikaratasi, inanata kama asali. Ndiyo iliyokuwa ikiibana honi. Akauliza ni mwehu gani anayeunywesha usukani bia. Nikasema watu wa siku hizi, huwezi kuwajua. Casilda akakohoa. Grover akasafisha, akakausha, kimya kikarudi. Akaniapisha mbele ya mke wangu: bia isiingie humo tena, hata tone. Nikaapa. Yhoselin akacheka, akanikumbatia, akanirudishia heshima yangu.

Jumamosi, 16 Agosti
Harusi! Gari limetulia, maua mbele, maua nyuma. Honi haikutoa hata mguno. Yhoselin aliposhuka kanisani alinibusu mbele ya watu wote, nami nikalia waziwazi. Teksi ya Fructuoso ilizimika mlimani, tukaipita polepole, makusudi. Sijapata kufurahi hivi.

Jioni nikakumbuka: asiyeshukuru kwa kidogo, hata kikubwa hashukuru. Mama Ardhi amenisitiri, nimpe mkono mtupu? Lakini kiapo ni kiapo, nami ni mtu wa neno langu. Bia sikuigusa. Nimemwaga mvinyo mtamu wa harusi, chupa mbili, taratibu, katikati ya usukani, mpaka ukanywa wote.

Kesho nawapeleka maharusi ziwani. Gari limeshiba.