Vayolini Zilizomhamisha Mama Uwanjani

Leo nimeumbuka mbele ya nusu ya Bariadi, tena nikiwa nimevaa suti! (Suti ya kaka. Tuliache hilo.)

Mnajua nina studio ndogo nyuma ya nyumba. Kwaya moja kutoka Ngulyati ilinipa mtihani: niwapigie kwenye sherehe ya mavuno. Wakivuta watu, albamu yao nzima wanarekodi kwangu. Wakishindwa, wanaenda zao Mwanza. Nikawajibu, "Hiyo kazi ndogo."

Wapinzani walikuwa kwaya kutoka Nassa. Na kwetu Usukumani hakuna jaji mwenye kalamu. Vikundi viwili vinapiga kwa wakati mmoja, kila kimoja na upande wake wa uwanja, na watazamaji wanahukumu kwa miguu. Ukiwaboa, wanahama huku unawaona.

Nassa walikuja na ngoma na kayamba. Mimi nilikuja na okestra! Vayolini za kwenye kompyuta, za kila aina: za kuvutwa taratibu, za kutetemeka, za kudonolewa kwa kidole. Wiki nzima nilikuwa nazisikiliza kwa hedifoni. Nikachagua za kuvutwa taratibu, maana zilinitoa machozi.

Tukaanza. Jamani! Zile vayolini zinaamka polepole mno. Unabonyeza kinanda, zenyewe ndiyo kwanza zinajinyoosha. Kwaya iko mstari wa pili, okestra bado inamalizia wa kwanza. Mwalimu wa kwaya, Mama Kabula, akanigeukia.

"Prodyuza, kwani tumefiwa?"

Watu wakaanza kuhama. Kwanza vijana. Kisha wazee, na viti vyao. (Ukiona mtu anabeba kiti, ujue hana mpango wa kurudi.) Akabaki mtazamaji mmoja tu mbele yangu. Mama yangu mzazi. Akaniangalia kwa huruma.

"Ng'wanawane, mwanangu, nakuja."

Mnaijua ile "nakuja" ya mtu anayeondoka? Akaenda Nassa!

Nikaegemeza kiwiko cha kushoto kwenye kinanda, mwisho kabisa, nikashika shavu. Mkono wa kulia ukaendelea kwa mazoea tu. Mara: tu-tu-tu-tu! Vayolini zimebadilika! Kumbe vile vibonyezo vya mwisho havitoi sauti, kazi yake ni kubadilisha aina. Wiki nzima nachagua mimi, halafu kiwiko kimechagua mara moja: za kudonolewa kwa kidole. Nyepesi, kali, zinaenda sawa na mdundo. Mama Kabula akapiga kigelegele, mabega ya kwaya yakaanza kucheza. Kiti cha kwanza kikarudi. Cha pili. Kisha ikawa mbio! Nassa wakabaki wanawapigia mbuzi.

Tumeshinda! Tena kweupe!

Sasa aibu yenyewe. Watu wakadai turudie. Hapo hapo jenereta likazima, na kompyuta yangu betri ilishakufa zamani. Ilipowaka, imerudi kwenye zile za msiba. Kibonyezo ni kipi? Sikijui! Nabonyeza huku, zinatetemeka kama zina homa. Nabonyeza kule, kimya. Mama Kabula akachukua maiki.

"Mwanangu, kaa kama ulivyokaa!"

Mbele ya umati wote nikaweka kiwiko. Nikashika shavu. Nikaweka na uso wa huzuni, kwa usalama zaidi.

Tu-tu-tu-tu!

Uwanja ukalipuka. Kwaya nzima ikashika shavu, ikawa ndiyo staili. Wazee wameshika shavu. Mama yangu, aliyerudi akijifanya hakuondoka, kashika mashavu yote mawili anacheka mpaka machozi. Mama Kabula akanishika mkono: "Wabeja sana, asante mno. Jumatatu tunakuja kurekodi."

Video najua zitawafikia. Chekeni, lakini kwa adabu. Mnamcheka prodyuza wa albamu nzima.